Barua ya wazi kwa wanafizikia wa vyuo vikuu vyetu: habari zenu ni zetu pia

Kwa Wakuu wa Idara za Fizikia, wahadhiri, watafiti na mafundi sanifu wa maabara,
Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki.

Waheshimiwa maprofesa na madaktari, walimu wetu,

 

Nawaandikia nikiwa mwalimu wa fizikia wa sekondari mkoani Tanga. Niliyonayo kichwani niliyapata kwenu, na sijasahau wahadhiri waliokaa nasi maabara hadi magharibi ili sakiti moja ikubali kufanya kazi. Kwa heshima hiyo nilianza kulisema jambo hili kimyakimya, kwa barua na kwa simu, katika idara moja ambayo sitaitaja. Barua yenye maswali ya wanafunzi wangu haikujibiwa. Simu ilipokelewa kwa adabu, nikaambiwa nisubiri. Nimechoka kusubiri, na nikizungumza na walimu wenzangu wa mikoa mingine nasikia yaleyale, ndiyo maana leo nasema hadharani.

Lalamiko langu ni kwamba idara zenu zinaendeshwa kwa kodi na ada za wananchi, zinafanya kazi ya maana, lakini habari za kazi hiyo hazitoki nje ya geti. Tunajua lini chuo kinafungua dirisha la udahili. Hatujui mmegundua nini. Naeleza kwa hoja.

1. Habari mnazotoa si habari za fizikia.

Someni taarifa yoyote iliyotoka idarani hivi karibuni. Warsha imefunguliwa. Mgeni rasmi amewasili, amepokewa na mkuu wa ndaki, ametoa nasaha. Iko picha ya pamoja, waliokaa mbele na waliosimama nyuma, majina kwa mpangilio wa vyeo. Aya ya mwisho inasema washiriki walijadili nishati jadidifu. Walijadili nini? Paneli ya sola inapoteza nguvu kiasi gani ikikaa juu ya bati kwenye joto la pwani, na hewa ya chumvi inaifanya nini baada ya miaka mitano? Mzazi wa Pangani aliyekopa ili aweke sola nyumbani angelipa nauli kuja kusikia jibu hilo. Huenda lilitolewa ukumbini siku ile, katika wasilisho la saa nne asubuhi, mbele ya viti vingi vitupu, na hakuna aliyeliandika.

Semina zenu nazo zinabandikwa kwenye ubao wa ndani ya jengo, mara nyingi siku ileile. Tasnifu zinatetewa, mtahiniwa anapongezwa, nakala inapelekwa maktaba. Nitoe mfano mmoja unaoniuma. Wanafizikia wetu wamepima kwa miaka mingi mnururisho wa asili katika eneo la machimbo ya fosfeti ya Minjingu, mkoani Manyara, na matokeo yao yamechapishwa katika majarida ya kimataifa. Fosfeti ya Minjingu ni mbolea. Wapo wakulima wanaoishika kwa mikono yao kila msimu. Mkulima huyo ana haki ya kuelezwa na aliyepima, kwa maneno anayoyaelewa, kwamba jambo hili lina hatari kiasi hiki, na hili halina. Asipoelezwa na ninyi ataelezwa na mtu wa sokoni, na wa sokoni hana kipimo.

2. Mna deni la Mpemba, na linazidi kukua.

Kisa mnakijua kuliko mimi, lakini nakirudia kwa sababu ya namna kilivyotokea. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, hapa kwetu Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza askrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unaweka kwenye friza. Siku moja nafasi ya friza ikawa ya kugombania, naye akaingiza maziwa yake yangali ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake. Mwalimu alipoulizwa akamwambia amechanganyikiwa. Lakini kwa jinsi Mpemba alivyosimulia baadaye, wauza askrimu wa Tanga mjini walilijua jambo hilo na ndivyo walivyokuwa wakifanya. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, aliuliza tena. Akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na darasa likaifanya kauli hiyo kejeli ya kumtania kila alipokosea.

Kisha akaja mhadhiri. Denis Osborne wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam alialikwa Mkwawa kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama na swali lake: maji ya ujazo sawa, mengine yana nyuzi 35 na mengine nyuzi 100, yakiwekwa kwenye friji yale ya nyuzi 100 yanaganda kwanza, kwa nini? Wanafunzi wenzake wakamcheka. Osborne alikiri kwamba hajui, akaahidi kwenda kujaribu. Aliporudi Dar es Salaam alimpa kazi hiyo fundi wa maabara. Fundi akaleta taarifa kwamba ya moto yameganda kwanza, akaongeza kuwa ataendelea kurudia mpaka apate jibu lililo sahihi. Walirudia, na mwaka 1969 makala ya Mpemba na Osborne ikatoka katika jarida la Physics Education.

Jambo hilo liliwezekana kwa sababu mhadhiri alitoka ofisini, akasafiri hadi shule ya mkoani, akakubali kuulizwa mbele ya watu, na akalibeba swali la mwanafunzi hadi kwenye maabara ya chuo. Naomba mnijibu kwa dhati: mwanafunzi wa leo wa shule ya kata mwenye swali kama lile alipeleke wapi? Wangu walilipeleka kwa barua.

Na habari za Mpemba hazikuishia 1969. Mwaka 2012 Royal Society of Chemistry ya Uingereza iliahidi pauni 1,000 kwa atakayetoa maelezo bora ya jambo hilo, wakapokea majibu zaidi ya 22,000. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha vipimo vyao vya maji wakasema hawaoni ushahidi wa kuridhisha kwamba jambo lenyewe lipo. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, wakaonyesha katika jarida la Nature, kwa kutumia chembe ndogo mno ndani ya maji na mwanga wa leza, kwamba mfumo ulioanza na joto kubwa unaweza kweli kupoa haraka kuliko ulioanza na joto dogo. Mwaka 2024 watafiti wa Innsbruck, Austria, wakatangaza kuliona jambo la aina hiyo kwenye ioni zilizonaswa, katika ulimwengu wa kwantamu. Kwa hiyo juu ya maji ubishi haujaisha, na kwa mifumo mingine ndiyo kwanza umekolea.

Zote hizo ni habari motomoto za fizikia, zinatoka katika idara za watu wengine, na zina jina la mwanafunzi wa Magamba. Mimi nimezisoma kwa Kiingereza. Sijaona hata moja iliyotolewa na idara ya fizikia ya kwetu kwa Kiswahili, ikisema: ndugu wananchi, huyu hapa anakubali, huyu hapa anapinga, na sisi vipimo vyetu vinaonyesha hivi. Siwaombi mumtetee Mpemba kwa kuwa ni wetu. Maji hayajui uraia. Naomba mwe miongoni mwa wanaopima na wanaoeleza. Beka, kipimajoto na friza havijawahi kuwa vifaa vya nchi tajiri peke yake.

3. Watu wanapoogopa, ninyi hamsikiki.

Tarehe 30 Desemba 2024 pete kubwa ya chuma, yenye kipenyo cha karibu mita 2.5 na uzito wa karibu kilo 500, ilianguka katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, Kenya. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilifika, likaichukua, likaeleza kwamba kwa uchunguzi wa awali ni pete inayotenganisha sehemu za roketi. Walifanya vyema, na kwa haraka. Lakini taarifa ya serikali ni mwanzo tu. Mwanakijiji hubaki na maswali yake: kwa nini kitu hicho hakikuungua chote angani, kinazunguka huko juu kwa muda gani kabla ya kuanguka, kuna uwezekano gani kingine kikaangukia nyumba yangu. Hayo ni maswali ya muhula wa kwanza wa umakanika. Mhadhiri mmoja na redio moja ya jamii wangeyamaliza kwa saa moja.

Kumbukeni pia mwaka 2020, uvumi ulipozunguka duniani kwamba minara ya 5G inaeneza korona. Darasani niliulizwa, msibani niliulizwa, na nilijibu nilivyoweza: mawimbi ya redio hayana nishati ya kung'oa elektroni kwenye atomi, sembuse kubeba virusi. Wengi hawakuniamini, maana mimi ni mwalimu wa kijijini. Neno lilelile likisemwa na profesa, kwa jina lake na kwa sauti yake, lingekuwa na uzito mwingine. Uzito huo mmepewa na jamii, na hamuutumii.

Wapo wanaojitahidi, na haki inanitaka niseme. Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ametumia miaka mingi kuwafafanulia watu mambo ya anga. Jua lilipopatwa tarehe 1 Septemba 2016 na kubaki pete ya mwanga juu ya Rujewa, Mbarali, watu walikusanyika kulitazama, wazee kwa wanafunzi, na waliosikia maelezo mapema walitazama kwa usalama na kwa furaha. Ila jambo hilo haliwezi kuachiwa watu wachache wenye moyo. Linapaswa kuwa kazi ya idara, yenye ratiba na bajeti.

4. Hata historia iliyo mlangoni kwenu hamuisimulii.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini, karibu na Malindi, ikapewa jina la Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kutafuta vyanzo vya eksirei angani. Ilitoa orodha ya vyanzo 339, na kazi hiyo ni sehemu ya yaliyompatia Riccardo Giacconi Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Nimewauliza vijana wa pwani wanaosoma sayansi; wengi hawajawahi kuisikia.

5. Lugha isiwe kisingizio.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1990. Msamiati upo tangu wengi wa wahadhiri wa leo wakiwa shule ya msingi. Andikeni makala zenu za majarida kwa Kiingereza, sina ugomvi na hilo. Lakini wenzenu wa historia, siasa na fasihi wamejaza Ukumbi wa Nkrumah wa Mlimani kwa mijadala ambayo raia wa kawaida aliweza kuingia na kuuliza. Fizikia nayo ina haki ya ukumbi ule.

Najua mtakavyojibu, maana nimeambiwa. Vipindi ni vingi na madarasa yamefurika. Fedha za utafiti ni kidogo. Na kubwa zaidi, anayetaka kupanda cheo anahesabiwa makala za majarida. Mhadhara wa Jumamosi kwa wanafunzi wa sekondari hauhesabiwi, au unahesabiwa kidogo mno. Hoja hii ya mwisho ni ya kweli na siwezi kumlaumu mhadhiri kijana anayeiogopa. Kwa hiyo sehemu hii ya barua iwafikie Makamu Wakuu wa Vyuo na seneti zao: badilisheni kanuni za kupandisha vyeo. Mhadhara wa hadhara, makala ya Kiswahili kwa gazeti, saa ya kujibu maswali redioni, vyote vihesabiwe kama kazi ya kitaaluma, kwa alama zinazojulikana. Bila hilo mtabaki mnategemea hisani ya watu wachache.

Sasa niseme ninachoomba, ili asiwepo atakayesema mwalimu amelalamika bila kudai kitu.

Kwanza, mhadhara wa wazi kila mwezi, Jumamosi, kwa Kiswahili, utangazwe angalau wiki mbili kabla kwa maofisa elimu, kwa redio za jamii na kwa wakuu wa shule. Msisubiri mgeni rasmi. Mwenye kusema awe ndiye aliyepima.

Pili, kila tasnifu na kila makala inayotoka idarani iambatane na ukurasa mmoja wa Kiswahili: tuliuliza nini, tulipima vipi, tulipata nini, na nini bado hatukijui. Mtahiniwa asipewe barua ya kumaliza kabla ya kuukabidhi ukurasa huo. Ni kazi ya siku mbili kwa mtu aliyetumia miaka miwili juu ya jambo hilohilo. Kila Oktoba pia, Tuzo ya Nobel ya Fizikia inapotangazwa, yupo anayeweza kukaa jioni ile na kutuandikia walioshinda wamefanya nini, badala ya magazeti yetu kutaja majina na nchi zao tu.

Tatu, anwani moja ya maswali ya wanafunzi wa shule, na mtu mwenye jina anayewajibika kuyajibu ndani ya mwezi mmoja. Jibu likiwa ni kwamba hatujui, tutajaribu, litatosha. Osborne alijibu hivyohivyo.

Nne, kila mwaka idara zichague jaribio moja ambalo shule yoyote inaweza kulifanya, na la kuanzia liwe la Mpemba. Shule zipime kwa utaratibu mmoja: vyombo sawa, ujazo sawa, mahali pamoja ndani ya friza, muda uandikwe, matokeo yaletwe kwenu hata yakipingana. Shule nyingi za kata hazina maabara ya kueleweka na wanafunzi wanakariri majaribio wasiyowahi kuyaona. Data za shule mia moja zingewafundisha wanafunzi wangu maana ya kosa la kipimo kuliko sura nzima ya kitabu, na huenda zikawapa ninyi kitu cha kuchapisha.

Tano, na hili lina tarehe. Jumatatu ya 2 Agosti 2027 jua litapatwa. Kivuli chenyewe kitapita kaskazini mwa Afrika, Luxor, Jeddah na Makka, kisha Yemen na ncha ya Somalia. Huku kwetu, kuanzia Nairobi na Mombasa hadi Dar es Salaam, tutaona sehemu tu ya jua ikimegwa. Hatari ya macho ipo palepale, kwa sababu sehemu itakayobaki inang'aa vya kutosha kuunguza retina, na mtoto hasikii maumivu wakati inaungua. Misikiti itahitaji kujua saa za kuanza na kuisha kwa ajili ya swala ya kupatwa kwa jua. Walimu watahitaji kujua wawatoe watoto nje au wawafungie ndani. Wauzaji wataleta miwani, nzuri na za uongo, na mzazi hataweza kuzitofautisha.

Hayo yote idara ya fizikia inaweza kuyaandaa: jedwali la saa kwa kila mji mkubwa, karatasi moja ya maelekezo ya usalama, namna ya kuangusha taswira ya jua ukutani kupitia tundu la kadibodi bila kununua chochote, na wahadhiri watakaogawana redio na mikoa. Kuchapisha na kusambaza hadi shule ya mwisho ya Kilindi au Tana River kunahitaji miezi mingi. Naomba kamati iundwe muhula huu, na tangazo lake la kwanza litoke kwa Kiswahili.

Na wewe msomaji, mzazi au mwalimu uliyeko karibu na chuo kikuu: nenda idarani, uliza mhadhara ujao ni lini, na uliza kama mwanao anaruhusiwa kuingia. Ukijibiwa hapana, omba jibu hilo kwa maandishi.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa Fizikia, Tanga.